Ahadi ni Deni, Hata kwa Chama cha Siasa

Katika siasa hakuna mali iliyo ghali kuliko neno la chama. Fedha za kampeni hutafutwa zikapatikana, na viongozi huondoka wengine wakashika nafasi zao. Lakini neno likishavunjwa mbele ya wanachama, halitengenezwi kwa hotuba. Jambo hili linajidhihirisha wazi katika historia ya Chama cha Republican nchini Marekani. Kwa zaidi ya miaka arobaini chama hicho kimewaahidi wafuasi wake wahafidhina kwamba kitaipunguza Serikali, na karibu kila kilipokabidhiwa madaraka kimeiacha Serikali hiyo ikiwa kubwa zaidi na yenye deni zito zaidi kuliko kilivyoikuta.

Wahafidhina wa Marekani si watu wa namna moja. Wamo wenye viwanda na wenye mabenki, lakini wamo pia wakulima wa Kansas na Nebraska, wenye maduka madogo, mafundi, wastaafu na waumini wa makanisa ya miji midogo. Kinachowaunganisha ni imani kwamba Serikali ya Shirikisho iliyoko Washington inapaswa kufanya mambo machache tu, kama vile kulinda nchi, kusimamia sheria na kutunza thamani ya fedha. Na kwamba shule, barabara za mitaa na misaada kwa maskini ni kazi za majimbo, wilaya, makanisa na jamaa. Mtu anaweza kuipinga imani hiyo, na wako wengi wanaoipinga kwa hoja nzito, wakikumbusha kwamba bila mkono wa Washington watoto weusi wa majimbo ya kusini wangekaa muda mrefu zaidi katika shule za ubaguzi. Lakini haiwezi kusemwa kwamba ni imani isiyoeleweka. Chama cha Republican kiliielewa vema, kikaiandika katika ilani zake, na kikaomba kura kwa jina lake.

Ronald Reagan alipoapishwa tarehe 20 Januari, 1981, aliwatangazia wananchi wake kwamba katika matatizo yaliyoikabili nchi wakati ule Serikali haikuwa dawa, bali ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe. Katika kampeni ya 1980 alikuwa ameahidi kuzifuta Wizara ya Elimu na Wizara ya Nishati, zote mbili zikiwa zimeundwa chini ya Rais Jimmy Carter aliyemtangulia. Alipoondoka madarakani mwaka 1989, wizara hizo zilikuwa bado zimesimama. Na juu ya hayo, mwaka 1988 alikuwa ametia saini sheria ya kuunda wizara nyingine mpya, ya mambo ya askari wastaafu. Deni la taifa, ambalo alilikuta likiwa chini kidogo ya dola trilioni moja, yaani dola bilioni elfu moja, lilikuwa limepita trilioni 2.6.

Hata hivyo, wahafidhina walimsamehe Reagan, na wengi wao wanamheshimu hadi leo. Walisema, na si bila sababu, kwamba muda wote wa urais wake Baraza la Wawakilishi lilikuwa mikononi mwa Chama cha Democratic, na kwamba mtu hawezi kupiga makasia peke yake katika mashua ambayo mwenzake anavuta upande mwingine. Hawakuwa wapole hivyo kwa mrithi wake. George Bush, baba, aliahidi mwaka 1988 kwamba hapatakuwa na kodi mpya. Mwaka 1990 akakubali kodi kupandishwa. Na mwaka 1992 akashindwa uchaguzi, baada ya kupata upinzani mkali kutoka ndani ya chama chake mwenyewe.

Mwaka 1994 ulileta matumaini mapya. Chini ya uongozi wa Newt Gingrich, Chama cha Republican kililitwaa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza katika muda wa miaka arobaini, kikiwa na hati ya ahadi iliyoitwa mkataba na Marekani. Wabunge wapya walifika Washington wakitaja kwa majina wizara watakazozifunga. Mwishoni mwa 1995 na mwanzoni mwa 1996 mvutano wao na Rais Bill Clinton juu ya bajeti ulisababisha ofisi nyingi za Serikali kufungwa kwa majuma kadhaa. Wananchi walikasirika, wabunge wakarudi nyuma, na wizara zile hazikufungwa. Lililofuata ni jambo ambalo wahafidhina hawalipendi kulisimulia: kati ya 1998 na 2001 Serikali ya Shirikisho ilipata ziada katika bajeti yake badala ya nakisi, na hayo yalitokea wakati chama kimoja kikiwa na Ikulu na kingine kikiwa na Bunge, kila kimoja kikimzuia mwenzake kutumia apendavyo.

Kisha ikafika siku ambayo wahafidhina walikuwa wameisubiri tangu ujana wao. George W. Bush aliingia Ikulu mwaka 2001, na kuanzia Januari 2003 hadi Januari 2007 chama chake kilishika urais, Baraza la Seneti na Baraza la Wawakilishi kwa pamoja. Visingizio vyote vilikuwa vimekwisha. Hapakuwa tena na Democratic wa kulaumiwa wala Rais wa upande wa pili wa kupinga miswada. Kama palikuwa na wakati wa kulipa deni la ahadi, wakati ulikuwa huo.

Jambo la kwanza kubwa lililofanywa lilihusu walimu. Tarehe 8 Januari, 2002, Rais Bush alitia saini sheria ya elimu iliyojulikana kama No Child Left Behind, yenye maana ya kwamba asiachwe nyuma mtoto yeyote. Sheria hiyo iliyataka majimbo yanayopokea fedha za Washington kuwapima wanafunzi katika kusoma na hesabu kila mwaka tangu darasa la tatu hadi la nane, na mara moja katika sekondari. Iliuweka mwaka wa masomo wa 2013 hadi 2014 kuwa ukomo wa kila mtoto kufikia kiwango, na ikaziwekea adhabu shule ambazo zingeshindwa mfululizo. Chama kilekile ambacho mwaka 1996 kilikuwa kimeandika katika ilani yake kwamba Wizara ya Elimu ifutwe, sasa kiliipa wizara hiyo uwezo wa kuingia katika darasa la kijiji cha mbali ambao haikupata kuwa nao kabla. Wabunge wa Republican zaidi ya thelathini waliipinga sheria hiyo, miongoni mwao Mike Pence wa Indiana, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais. Wenzao waliinua mikono.

Matokeo ya sheria hiyo yanajulikana. Haikukosa wema, kwa maana ililazimisha shule kuonyesha hadharani jinsi watoto wa maskini, wa Waafrika wa Marekani na wa wahamiaji walivyokuwa wakiachwa nyuma. Lakini lengo la kila mtoto kufaulu halikufikiwa, walimu walilalamika kwamba walikuwa wakifundisha mtihani badala ya somo, na mwezi Desemba 2015 Bunge likaiweka kando kwa sheria nyingine iliyorudisha sehemu kubwa ya madaraka kwa majimbo. Yaani baada ya miaka karibu kumi na minne nchi ilirejea karibu na pale ambapo wahafidhina walisema isingepaswa kuondoka.

Jambo la pili lilifanyika usiku. Alfajiri ya tarehe 22 Novemba, 2003, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura juu ya muswada wa kuongeza dawa katika mpango wa Medicare, ambao uliundwa kwa sheria ya 1965 ili kuwalipia wazee matibabu. Kwa desturi kura kama hiyo huchukua dakika kumi na tano. Safari hii ilianza kama saa tisa za usiku, na viongozi wa Republican walipoona wanashindwa wakaiacha wazi kwa karibu saa tatu, wakipita kutoka kiti hadi kiti kuwashawishi na kuwabana wabunge wao wenyewe. Kulipokaribia kupambazuka muswada ukapita kwa kura 220 dhidi ya 215, huku wabunge 25 wa Republican wakiwa wamekataa katakata. Wabunge walikuwa wameambiwa kwamba gharama haitazidi dola bilioni 400 katika miaka kumi. Mapema mwaka uliofuata Serikali ikatoa kadirio lake la bilioni 534.

Ni haki kusema kwamba baadaye gharama halisi ilikuwa ndogo kuliko ilivyohofiwa, na kwamba mamilioni ya wazee waliokuwa wakigawanya vidonge ili vifike mwisho wa mwezi walipata nafuu ya kweli. Mtu anayeamini kwamba Serikali ina wajibu kwa wazee wake hawezi kuulaumu mpango huo. Lakini chama kilichoupitisha hakikuwa kimewaambia wafuasi wake kwamba kinaamini hivyo. Kingekuwa kimebadili mawazo, kingesimama mchana kweupe na kuwaeleza sababu. Badala yake kilipitisha usiku wa manane jambo ambalo kilikuwa kimelihubiri kuwa kosa, na asubuhi kikaendelea na mahubiri yaleyale.

Jambo la tatu lilikuwa la barabara. Mwaka 1987 Reagan alikuwa ameukataa kwa kura ya turufu muswada wa barabara kwa sababu ulikuwa na miradi maalumu 152 iliyochomekwa na wabunge kwa faida ya maeneo yao, ingawa Bunge lilimshinda na kuupitisha. Mwezi Agosti 2005 Bush alitia saini muswada wa namna hiyo wenye thamani ya dola bilioni 286, na miradi iliyochomekwa ilikuwa zaidi ya 6,000. Mmoja wao ulikuwa daraja la kuuunganisha mji wa Ketchikan, Alaska, na kisiwa cha Gravina, chenye uwanja wa ndege na wakazi wapatao hamsini tu. Daraja hilo liliwekewa zaidi ya dola milioni 200, likawa kichekesho cha nchi nzima, na mwishowe halikujengwa. Katika muda wote huo Rais hakutumia kura ya turufu hata mara moja hadi Julai 2006, naye alipoitumia ilikuwa katika jambo la utafiti wa tiba lisilohusu matumizi ya fedha.

Yakijumlishwa na vita vya Afghanistan na Iraq, na Wizara mpya ya Usalama wa Ndani iliyokusanya idara 22, mambo hayo yaliyapandisha matumizi ya Serikali kutoka kama dola trilioni 1.9 mwaka wa fedha wa 2001 hadi karibu trilioni 3 mwaka 2008. Mwezi Novemba 2006 chama kikanyang'anywa mabaraza yote mawili. Sababu kubwa ilikuwa Iraq, na rushwa nayo ilichangia. Lakini wahafidhina wengi walikuwa wamekwisha kujiuliza kwa nini wajisumbue kukilinda chama kisichowalinda. Pigo la mwisho lilikuja na msukosuko wa mabenki. Tarehe 29 Septemba, 2008, wabunge wa Republican wapatao theluthi mbili waliungana na baadhi ya Democratic kuukataa mpango wa Bush wa dola bilioni 700 wa kuyaokoa mabenki, kwa kura 228 dhidi ya 205. Siku nne baadaye Baraza hilohilo likaukubali. Rais mwenyewe alikiri Desemba ile kwamba alikuwa ameacha kanuni za soko huria ili kuliokoa soko huria.

Hasira iliyofuata inajulikana kwa jina la Tea Party, lililochukuliwa kutoka katika uasi wa chai wa Boston mwaka 1773. Mwaka 2010 Seneta Robert Bennett wa Utah, aliyekuwa ameunga mkono fedha za mabenki, alikataliwa na mkutano wa chama chake mwenyewe baada ya vipindi vitatu. Mwezi Novemba mwaka huo Republican walijiongezea viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Mwezi Juni 2014 kiongozi wao wa walio wengi, Eric Cantor wa Virginia, aliangushwa katika uchaguzi wa ndani na mwalimu wa uchumi wa chuo, Dave Brat. Wanachama walikuwa wamegundua kwamba chama huadhibiwa vizuri zaidi kutoka ndani.

Lakini adhabu hiyo haikuzaa tabia njema. Mipaka ya matumizi iliyowekwa mwaka 2011, wakati wa Rais Barack Obama, ililegezwa mwezi Februari 2018 na Bunge la Republican chini ya Rais wa Republican. Donald Trump alikuwa ameahidi mwaka 2016 kwamba angelimaliza deni la taifa katika miaka minane; deni hilo lilikuwa karibu dola trilioni 20 alipoingia, na karibu trilioni 28 alipoondoka Januari 2021, sehemu kubwa ikiwa imeongezwa na misaada ya wakati wa korona iliyoungwa mkono na vyama vyote viwili. Aliporejea, alitia saini tarehe 4 Julai, 2025, sheria ya kodi na matumizi ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba ingeongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Mbunge Thomas Massie na Seneta Rand Paul, wote wa Kentucky, waliipinga kwa sababu ya deni. Walikuwa karibu peke yao.

Swali linalopaswa kuulizwa ni kwa nini hali hii inarudi kila mara. Jibu rahisi ni unafiki wa viongozi, nao upo. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu viongozi wamebadilishwa mara nyingi na mwenendo haukubadilika.

Sababu ya kwanza wanayo wapiga kura wenyewe. Malipo ya uzeeni yaliyoanzishwa mwaka 1935, matibabu ya wazee na maskini, ulinzi, na riba ya deni, kwa jumla huchukua karibu theluthi mbili ya matumizi ya Serikali ya Shirikisho. Wanaonufaika na sehemu kubwa ya fedha hizo ni wazee, na wazee ni nguzo ya Chama cha Republican. Mwaka 2009, katika mkutano wa hadhara huko South Carolina, mzee mmoja alimwonya mbunge wake, Bob Inglis, kwamba Serikali isithubutu kugusa Medicare yake. Mbunge alijaribu kumweleza kwamba Medicare ni ya Serikali, lakini mzee hakukubali. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kila mmoja anataka Serikali ipunguzwe kwa jirani.

Sababu ya pili ni kwamba faida ya matumizi huonekana na gharama yake hujificha. Daraja lina jiwe la ufunguzi lenye jina la mbunge. Nakisi haina jiwe. Mbunge anayekataa fedha za wilaya yake anajua kwamba zitakwenda wilaya nyingine, na hakuna atakayemshukuru. Sababu ya tatu ni kwamba chama kiligundua njia ya kumpendeza kila mtu: kupunguza kodi kama wahafidhina wanavyotaka, bila kupunguza huduma ambazo haohao wanazitaka, na tofauti ikaandikwa katika daftari la deni ili walipe watoto ambao bado hawajafikia umri wa kupiga kura.

Hapo ndipo mtumishi wa umma anapoingia, naye huingia kama mtu wa kusingiziwa. Kwa kuwa chama hakithubutu kuwagusa wazee wala jeshi, kimezoea kumnyooshea kidole karani wa ofisi. Lakini idadi ya watumishi wa kiraia wa Serikali ya Shirikisho, ukiacha posta, ilibaki karibu milioni mbili tangu miaka ya 1960 hadi 2024, wakati wananchi wakiongezeka kutoka kama milioni 180 hadi zaidi ya milioni 330. Ukuaji wa Serikali ya Marekani uko katika hundi zinazotumwa majumbani na mikataba inayotolewa kwa makampuni, si katika viti vya ofisini. Mwaka 2025 watumishi wengi waliondolewa kazini kwa kelele kubwa. Hata hivyo matumizi ya jumla ya mwaka huo wa fedha yalizidi ya mwaka uliotangulia. Aliyefukuzwa alikuwa na familia, na deni halikupungua.

Wako watakaosema kwamba kutawala si sawa na kuhubiri, na kwamba vita, misukosuko ya mabenki na magonjwa humlazimisha kila mtawala kutumia fedha. Hoja hiyo ina uzito. Mkataba wa chama na wanachama wake haumfungi kiongozi aiache nyumba iungue kwa sababu aliahidi kubana maji. Lakini daraja la Gravina halikuwa moto, wala kura ya alfajiri ya Novemba 2003 haikuwa gharika. Na hata pale penye dharura ya kweli, kiongozi anayo njia ya heshima, nayo ni kuwaendea waliomtuma na kusema: mambo yamebadilika, hizi ndizo sababu, hii ndiyo gharama, na hivi ndivyo itakavyolipwa. Chama cha Republican kilikuwa na nafasi ya kusema hivyo mara nyingi. Kilichagua kutenda jambo moja na kuendelea kuimba jingine.

Gharama ya uchaguzi huo haipimwi kwa dola peke yake. Mwanachama anayedanganywa mara moja hukasirika. Akidanganywa mara tatu huacha kusikiliza. Na akishaacha kusikiliza, humfuata yeyote anayetukana viongozi kwa sauti kubwa, bila kuuliza hesabu zake. Wahafidhina wa Marekani walianza kwa kudai Serikali ndogo. Wengi wao sasa hawaidai tena, kwa sababu wameacha kuamini kwamba kuna atakayewapa, na badala yake wanatafuta mtu wa kuwapigania dhidi ya wale wanaowachukia. Hivyo ndivyo imani ya kisiasa inavyokufa: chama huizika huku kikiendelea kubeba bendera yake, na wapinzani hata hawahitaji kuishinda kwa hoja.

Dawa yake haina siri. Chama kinachoamini kwamba Serikali ifanye machache kiwaambie wafuasi wake waziwazi ni huduma gani watakazokosa, wao wenyewe wakiwa wa kwanza. Chama kinachoamini kwamba Serikali ifanye mengi kiwaambie waziwazi kodi watakayolipa. Kinachowaahidi yote mawili kwa pamoja, kodi ndogo na huduma kubwa, hakijawaambia lolote; kimewakopa tu. Na deni la neno, kama deni la fedha, huwa na riba.